Siku Niliyotaka Kuikata Fuawe

Ipo siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa nimezisahau nyingi zenye heshima kuliko hiyo. Ni siku niliyopiga magoti mchangani, mjini Mpanda, na msumeno wa chuma mkononi, nikaanza kuikata fuawe yangu katikati. Kama hujawahi kukaa na wahunzi, fuawe ni kile chuma kizito cha kufulia, ambacho vyuma vingine vyote huwekwa juu yake vikapigwa. Mhunzi anayekata fuawe ni sawa na mkulima anayekula mbegu. Lakini asubuhi ile nilijiona nina akili kuwapita watu wote wa mji.

Nakuandikia kwa kuwa nimesikia na wewe unafunga mzigo. Sijui unakwenda nchi gani, na si kazi yangu kujua. Najua tu ile hali ya kusimama katikati ya vitu vyako, ukikishika hiki, ukikiacha kile, kisha ukikirudia kile cha kwanza. Kaa kidogo nikusimulie. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa, marehemu mama alisema hata kunyonya nilinyonya huku nimekunja ngumi, kwa hiyo hapo nayajua ninayoyasema.

Ilikuwa miaka ya tisini. Karakana yangu ilikuwa karibu na stesheni, karibu kiasi kwamba treni ya Kaliua ikipiga honi tulinyamaza mpaka imalize, maana hakuna aliyesikika. Lilikuwa banda la mabati, upande mmoja ukuta, pande tatu wazi. Wasukuma waliokuwa wakihamia kwetu na ng'ombe wao walileta plau zilizolika ncha. Wakulima wa Magamba walileta majembe na mapanga. Watu wa Katumba walileta baiskeli zilizokatika fremu kwa kubebeshwa mihogo kupita kiasi, nasi tulizichomelea huku tukiwatania kwamba wanunue punda. Nilifanya kazi na kijana mmoja, Masanja, aliyekuja kwangu hana ndevu na wakati huo alikuwa baba wa watoto wawili. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, ingawa sikumwambia.

Fuawe yenyewe ilikuwa kipande cha reli, kimelazwa na kufungwa juu ya gogo la mninga. Niliirithi pamoja na banda kwa mzee aliyenifundisha kazi, Mzee Kalisti. Alikuwa Mfipa, nasi sote tulimwita Tata, kama kwao wanavyomwita baba. Macho yalipoanza kumchoka alihamia Misunkumilo kulima. Siku anaondoka alichukua nyundo yake moja tu, akaniambia jambo ambalo kwao husemwa kila mhunzi anapohama: nyundo humfuata mtu, fuawe hukaa na mji. Niliitikia, "Ndiyo, Tata," kwa haraka, kwa sababu nilikuwa na hamu aondoke nianze kuitwa fundi mkuu.

Sasa, safari yangu ilianzia kwa mtoto. Binti yetu Anjela alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akikimbia kidogo, midomo inageuka rangi. Watu wa kanisa walitusaidia akapelekwa Uswidi kupasuliwa, akaenda na mama yake, mke wangu Skola, aliyekuwa muuguzi. Upasuaji ulikwenda vizuri, tukamshukuru Mungu. Lakini madaktari wakasema moyo wa mtoto unakua naye, lazima awe karibu nao miaka mingi. Skola akapata kazi ya kutunza wazee huko, akapata chumba, na mwishowe mimi nami nikapata kibali cha kuwafuata. Kibali kilikuwa na mwisho wake. Ukipita kabla sijaingia nchini kwao, nianze upya, na wengi walioanza upya niliowajua walizeekea kwenye foleni.

Basi nikaanza kulipunguza banda. Ungeniona, ungesema huyu mtu ni mwepesi. Mashine ya kuchomelea niliiuza kwa fundi wa mtaa wa pili. Jiliwa, lile la kubania vyuma, nikampa Masanja. Mivuo ya kupulizia moto, makoleo, tindo, vyote nikavigawa nikicheka na watu. Kila aliyekuja aliondoka na kitu, nami nilipiga soga na kila mmoja. Lakini kila jioni, banda likiwa tupu zaidi, nilikaa kwenye gogo na kuiwekea fuawe mkono juu, ikiwa bado na joto la kazi ya mchana, na nikaogopa.

Niliogopa nini? Nitakuambia, maana wakati ule sikumwambia mtu. Mtaani nilikuwa Fundi Deo. Mtoto akitumwa, anaambiwa pitia pale kwa Fundi Deo, kunja kushoto. Hata mbwa wa stesheni walinijua. Huko nilikokuwa nakwenda, waliotangulia walisema fundi wa kwetu anapewa fagio na kuonyeshwa ukumbi. Mimi sikudharau fagio, mwanangu. Nilichoogopa ni kushika fagio mpaka mikono isahau, halafu siku moja mtu aniulize, wewe ulikuwa nani kwenu, nami nisiwe na kitu cha kuonyesha.

Kwa hiyo nikawa natafuta sababu. Mara plau ya mteja haijaisha. Mara malaria. Mara treni imejaa. Skola alikuwa akipiga simu posta kwa siku tuliyopangana, nami nikienda kungoja nakuwa tayari nimetunga sababu ya wiki hiyo. Nilimweleza habari za karakana kana kwamba yeye yuko likizo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye alikuwa peke yake na mtoto mgonjwa kwenye baridi, na mimi namsimulia habari za bei ya bati. Siku moja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Deo, mtoto bado anauliza unakuja lini. Mimi siulizi tena."

Nilirudi bandani. Nilimjua mke wangu. Akikasirika anasema sana, akichoka anasema kidogo. Zilikuwa zimebaki treni chache kabla ya kibali kuisha, na nilielewa kwamba nisipopanda moja ya hizo, nitabaki na banda tupu, na nyumba tupu pia.

Hapo ndipo akili ya kuikata iliponijia. Fuawe nzima isingekwenda popote, ilihitaji wanaume wawili kuinyanyua. Lakini nusu yake, kwa hesabu zangu za mkono, ingeingia begini na ndege ingeikubali, mradi begi lisiwe na kitu kingine. Nguo nilipanga kuzivaa zote. Usicheke. Nilijaribu kabisa kuvaa suruali tatu, nikatembea kutoka mlangoni mpaka barabarani na kurudi, nikaona inawezekana.

Nikamwambia Masanja kwamba tutagawana, nusu yangu, nusu yake, haki kwa wote. Aliniangalia, akaiangalia fuawe, akafuta mikono. Masanja hakuwa mtu wa maneno.

"Fundi," alisema, "mvua zinakuja. Watu wataleta plau."

"Nusu inakutosha. We una mkono."

Hakunibishia. Alivua aproni yake ya ngozi, akaitundika msumarini, akatoka kama mtu anayekwenda kununua sigara, na Masanja hakuvuta sigara. Sikumfuata. Nilichukua msumeno.

Chuma cha reli ni kigumu, mwanangu, hakikutengenezwa ili kikatwe na mtu mwenye haraka. Wembe wa kwanza ulikatika, wa pili ukakatika. Nilitia mafuta, nikaendelea, jasho linadondokea kwenye mfuo niliouchimba na kuchanganyika na unga wa chuma. Kila nikivuta msumeno kitu kilinilalamikia kifuani, nami nikavuta kwa nguvu zaidi ili nisikisikie. Jua lilikuwa limepanda nilipoona kivuli kimeanguka mbele yangu, na ncha ya fimbo. Masanja alikuwa amekwenda Misunkumilo na kurudi, na amemleta Tata nyuma ya baiskeli.

"Deo," alisema Mzee Kalisti. "Unafanya nini?"

"Naigawa, Tata. Nusu naenda nayo begini, nusu namwachia Masanja."

Aliinama polepole, akapitisha ukucha kwenye mfuo kuona umezama kiasi gani, maana macho hayakumsaidia tena. Ulikuwa umezama kama unene wa kidole kidogo. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele.

"Masanja, lete plau yoyote," alisema. "Iweke juu ya hiyo nusu anayokuachia."

Masanja akaleta, akaiweka upande wa kwake wa mfuo. Plau ikaning'inia. Nusu yake ilikuwa juu ya chuma, nusu hewani.

"Huyu atafua upepo?" Tata aliuliza. "Haya, na wewe. Huko utaletewa plau?"

"Hapana, Tata."

"Majembe?"

"Sidhani."

"Utafua nini?"

"Sijui bado."

"Kazi huijui, na chombo umeshakikata." Alitafuta gogo kwa mkono, akaketi. "Ukiona mahali unapokwenda ni padogo, usikate chombo, kata kazi. Kazi ikiwa ndogo, chuma kidogo cha kuitosha kitapatikana. Unakokwenda hakuna treni?"

"Zipo. Nyingi."

"Zinapita juu ya nini?"

Masanja akaangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepiga magoti bado, suruali imejaa unga wa chuma, na nilihisi machozi yanakuja kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Tata akaniinamia. Kisha akashusha sauti. "Hiyo ya begi ni hadithi tu. Unaogopa nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Mbele ya Masanja nikamwambia yote, fagio, mikono, jina. Hata kwamba Skola haulizi tena.

"Mimi nilitoka Ufipa mhunzi," alisema, "mtoto wa mhunzi. Nikafika hapa Mpanda, mgodini, wakanipa beleshi. Hakuna aliyeniuliza ninajua nini. Nyundo ilikaa chini ya kitanda muda mrefu, ikapata kutu. Nilikuwa naitoa, naitazama, naogopa kama wewe. Sasa kutu si inasuguliwa? Kuogopa siyo kosa. Kosa ni kumtia mwenzio hasara kwa sababu ya woga wako. Huyu unamwachia nusu, mkeo unampa nusu, mwenyewe unabaki nusu. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne."

Kisha akaomba nyundo yangu. Nilidhani anataka kuipigia fuawe, aone kama imeharibika. Hakufanya hivyo. Aligonga mpini kwenye gogo mpaka kichwa cha nyundo kikachomoka. Mpini akampa Masanja. Kichwa akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake.

"Hii ndiyo inayokufuata. Mpini utachonga huko, kwa mti wa huko."

Nilipanda treni iliyofuata, mchana, na begi lenye nguo na kile kichwa cha nyundo kimefungwa kwenye soksi. Suruali nilivaa moja. Behewa lilikaa muda mrefu bila kuondoka, kama kawaida yake, na nikiwa dirishani nikasikia kutoka bandani mlio wa nyundo juu ya fuawe. Masanja alikuwa kazini. Nilitega sikio kama mgonjwa anayesubiri daktari aseme. Mlio ulikuwa mzima. Labda ulikuwa na mkwaruzo kidogo, au ni masikio yangu yenye hatia. Mpaka leo sijui.

Sitakudanganya kwamba nilipofika mambo yalikuwa mepesi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi ya tatu nilipewa fagio, kweli, kwenye shule ya watoto. Skola alinipokea vizuri kwa ajili ya Anjela, ila kwa upande wake mwenyewe kwa tahadhari. Ilichukua majira yote ya baridi kabla hajanitania tena kama zamani. Nyundo ilikaa chini ya kitanda. Usiku mwingine niliamka mikono inauma kwa kutofanya chochote, na wasiwasi wangu wa zamani ulikuwa umekuja nami bila kibali.

Kisha mzee mmoja aliyetunzwa na Skola, aliyewahi kufanya kazi ya reli ujana wake, akasikia habari za mume mhunzi. Akaagiza mwanawe alete kitu kilichokuwa kinashikilia mlango wa stoo yao. Kilikuwa kipande cha reli, urefu wa kiganja na vidole. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikachonga mpini kwa mti wao wenye gome jeupe, unaochongeka kwa urahisi kuliko nilivyodhani. Majirani wakaniruhusu kona ya kibanda cha baiskeli, siku za Jumamosi, mchana tu, kwa sababu ya kelele. Hiyo ndiyo karakana yangu mpaka leo. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Kitu cha kwanza nilichofua ni ndoano ya kutundikia koti la Anjela, maana huku koti ni kama ngozi ya pili. Alisimama mlangoni akitazama cheche.

"Baba, ndiyo kazi yako hii?"

Nilifikiri plau, majembe, Wasukuma wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Nilitaka kusema hapana, kazi yangu ilikuwa kubwa kuliko hii. Nikasema, "Ndiyo." Na nilipolisema nikaona ni kweli.

Hainitoshi, mwanangu. Sitaki usikie kwamba inanitosha. Kuna Jumamosi natamani chuma kizito na sauti ya watu, narudi ndani nimenuna. Lakini hakuna aliyepungukiwa ili mimi niwe na ile kona.

Miaka ikapita, tukaenda Mpanda kutembea, Anjela ameshakuwa msichana mrefu anayepanda ngazi bila kusimama. Tata alikuwa ameshazikwa Misunkumilo. Nilikwenda kwanza kaburini, kisha bandani, nikiwa na wasiwasi wa kuuona ule mfuo kuliko nilivyowahi kuogopa ndege. Masanja ana upara sasa, na vijana wanne chini yake. Nikaikuta fuawe mahali pake. Mfuo wangu haukuwa mfuo tena. Walikuwa wameupanua kwa tupa, ukawa bonde laini, na kijana mmoja alikuwa akilaza bati la moto juu yake na kulikunja taratibu kuwa bawaba ya mlango.

"Hapo tunapaita kwa Fundi Deo," alisema Masanja. "Bawaba zote za mji huu zinakunjwa hapo."

Nilicheka, kisha nikalia, mbele ya vijana wa watu. Anjela aliniletea kitambaa, akauliza kama nimeungua. Nikamwambia siyo, ni moshi. Masanja akageukia moto, kwa heshima.

Basi nakuambia wewe unayefunga mzigo. Utakwenda mahali ambapo utakuwa mdogo kuliko ulivyokuwa nyumbani, hata kama utakuwa na hela. Usidanganyike, na usikimbie. Kubali udogo wa kazi, lakini wewe mwenyewe nenda mzima. Kinachowalisha wengine waachie wengine, na usikitoboe wala kukigawa kwa kuwa tu unaogopa kusahaulika. Kaa ulifikirie lililo kichwa chako cha nyundo, lile ambalo ni la mkono wako peke yake, ubebe hilo. Mpini utaukuta mbele. Na kama kuna anayekungoja huko, mfikie kabla hajaacha kuuliza. Mimi nilifika nikiwa nimechelewa kidogo, na Mungu akanihurumia. Usimjaribu Mungu kwa kutumia mfano wangu.

Na ikiwa umeshaanza kukata, simama hapo hapo ulipofika. Mfuo wa kidole bado una matumizi.

Nenda basi. Mungu akutangulie kwenye treni na kwenye ndege, awape wenyeji wa huko macho ya kukuona. Mikono yako isisahau. Kutu ikiingia, upate wa kukusugulia. Na siku utakayorudi Mpanda kutembea, ushuke stesheni usikie mlio wa bandani kabla hujauliza njia, na ukute moto bado unawaka.